Alan Page: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi wanamjua Alan Page nusu nusu. Wapenzi wa futiboli ya Kimarekani wanamkumbuka mlinzi wa Minnesota aliyevaa namba 88, na wanasheria wanamkumbuka jaji mwenye tai ya kipepeo. Mara nyingi simulizi yake hufupishwa kuwa ya mchezaji aliyestaafu akaamua kusomea sheria. Haikuwa hivyo. Sheria ilitangulia moyoni mwake na mpira ukaja baadaye, na ukilishika hilo mengi katika maisha yake yanajieleza.

## Mambo ya msingi

Alan Page ni nani?

Ni mchezaji wa zamani wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, aliyezaliwa tarehe 7 Agosti 1945 mjini Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Alichezea Minnesota Vikings kuanzia 1967 hadi 1978, kisha Chicago Bears hadi 1981. Mwaka 1971 alitangazwa na shirika la habari la Associated Press kuwa Mchezaji Bora wa ligi nzima, mlinzi wa kwanza kupata heshima hiyo. Kuanzia Januari 1993 hadi Agosti 2015 alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota, Mmarekani mweusi wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo.

Sijawahi kuutazama mchezo huu. Nielewe nini kwanza?

Kila timu ina vikosi viwili: cha kushambulia na cha kulinda, na wachezaji wake ni tofauti. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa inaupoteza mpira. Anayeongoza mashambulizi ni kwotabeki: ndiye anayeupokea mpira nyuma ya ukuta wa wenzake, kisha anaamua kuurusha au kumkabidhi mkimbiaji.

Kazi ya walinzi ni kuyaua majaribio hayo. Njia tamu kuliko zote kwao ni kumfikia kwotabeki akiwa bado ameshika mpira na kumlaza chini. Tendo hilo huitwa saki. Timu iliyofanyiwa saki hurudi nyuma, na kwotabeki aliyelazwa mara mbili tatu huanza kurusha kwa haraka na kwa woga. Hapo ndipo Page alipojenga jina.

Alicheza nafasi gani hasa?

Alikuwa mlinzi wa kati kwenye mstari wa mbele, upande wa kulia. Mstari huo una watu wanne. Wawili wa pembeni hukimbia kwa kuzunguka, na wawili wa kati hukumbana na msongamano wa wachezaji wazito kuliko wote uwanjani. Kwa desturi wa kati walitakiwa kuwa majabali yasiyosogezwa, na Page hakuwa jabali. Alikuwa na urefu wa kama sentimita 193 na uzito wa kama kilo 111 alipoanza, akategemea wepesi wa hatua ya kwanza. Mpira ulipoanza tu kusogea, yeye alikuwa keshapenya. Mara nyingine wapinzani waliapa kwamba ametangulia kabla ya wakati, kumbe ni kasi.

## Canton na Notre Dame

Alikulia katika mazingira gani?

Canton ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, na kijana mweusi wa miaka ya 1950 hakuonyeshwa milango mingi zaidi ya ile ya kiwanda. Baba yake aliendesha baa. Mama yake alifariki Page akiwa na miaka 13. Wazazi wote wawili walisisitiza shule, na Page ameeleza mara nyingi kwamba tangu akiwa mtoto wa shule ya msingi alitaka kuwa wakili. Mwaka 1954, alipokuwa na miaka minane, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Brown kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe mashuleni ni kinyume cha katiba. Mtoto huyo alielewa kwamba mahakama inaweza kubadili kitu ambacho nguvu haziwezi.

Sipendi simulizi zinazomfanya aonekane kana kwamba aliiokota sheria njiani. Kilichoongezeka njiani ni mpira: alianza kuucheza akiwa sekondari, miaka mingi baada ya kujiambia atakuwa wakili.

Ni kweli alisaidia kujenga jengo la Ukumbi wa Umaarufu?

Kweli kabisa. Ukumbi wa Umaarufu wa futiboli ya kulipwa uko Canton, mji wake wa nyumbani, na ulifunguliwa Septemba 1963. Page, aliyemaliza shule ya sekondari ya Central Catholic mwaka huohuo, alifanya kazi ya kibarua katika ujenzi wake. Mwaka 1988 aliingizwa humo kama mmoja wa wachezaji wakubwa wa historia (tazama swali kuhusu hotuba yake, chini).

Chuoni alifanya nini?

Alikwenda Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimbo la Indiana, akahitimu shahada ya sayansi ya siasa mwaka 1967. Kocha wake alikuwa Ara Parseghian. Mwaka 1966 Notre Dame walitawazwa mabingwa wa taifa wa vyuo, na Page akachaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vyote.

Mechi ya mwaka huo ambayo wazee bado wanaibishania ni ile dhidi ya Michigan State, tarehe 19 Novemba 1966, iliyoisha sare ya 10 kwa 10. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL mwaka 1967, Vikings walikuwa na nafasi tatu katika raundi ya kwanza. Walichukua wachezaji wawili wa Michigan State, Clint Jones na Gene Washington, kisha katika nafasi ya 15 wakamchukua Page. Waliokuwa mahasimu Novemba wakawa wenzake kambini.

## Miaka ya Minnesota

Purple People Eaters walikuwa akina nani?

Ndilo jina la utani la mstari wa mbele wa ulinzi wa Vikings, timu ya jezi za zambarau: Carl Eller na Jim Marshall pembeni, Alan Page na Gary Larsen katikati. Baadaye Doug Sutherland alichukua nafasi ya Larsen. Makubaliano yao yalikuwa mepesi kuyakumbuka: tukutane kwa kwotabeki.

Takwimu zao za timu zinatisha hata leo. Mwaka 1969 Vikings waliruhusu pointi 133 tu katika mechi 14, yaani chini ya pointi 10 kwa mechi. Mwaka 1970 waliruhusu 143, na 1971 wakaruhusu 139. Kwa mtu aliyezoea soka tarakimu hizo ni kubwa, lakini katika mchezo ambao kuingia eneo la mwisho mara moja kunaleta pointi sita, huo ni ukuta.

Walicheza Metropolitan Stadium, uwanja wa wazi huko Bloomington, Desemba ya Minnesota ikiwapiga usoni. Kocha Bud Grant hakuruhusu vipasha joto kwenye mstari wa benchi lake. Aliamini mchezaji anayefikiria baridi hafikirii mpira. Timu za kutoka majimbo ya joto zilifika pale zikiwa zimeshashindwa nusu.

Kwa nini tuzo ya 1971 huzungumzwa sana?

Kwa sababu tuzo ya Mchezaji Bora wa NFL kwa kawaida ni ya kwotabeki, na mara chache ya mkimbiaji. Walinzi hufanya kazi ya kubomoa, na kazi ya kubomoa haihesabiki kirahisi. Mwaka 1971 wapiga kura wa Associated Press walimpa Page tuzo hiyo, na pia tuzo ya Mlinzi Bora wa Mwaka, iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza.

Tangu hapo ni mlinzi mmoja tu aliyepewa tuzo hiyo kubwa: Lawrence Taylor wa New York Giants, mwaka 1986. Zaidi ya nusu karne, walinzi wawili.

Mechi inayotajwa sana ya msimu ule ni ya Desemba dhidi ya Detroit Lions. Waamuzi walimwadhibu Page mara mbili mfululizo, naye akakasirika. Kwa dakika kadhaa zilizofuata alivuruga jaribio baada ya jaribio, karibu peke yake. Picha za filamu zipo. Ukitaka kuelewa kwa nini watu walimpigia kura, anza na hizo kabla ya jedwali lolote.

Alifanya saki ngapi?

Hesabu inayotumika ni saki 148.5: 108.5 akiwa Vikings na 40 akiwa Bears. Nusu hutokea pale walinzi wawili wanapomwangusha kwotabeki kwa pamoja. Lakini NFL ilianza kuzitunza saki rasmi mwaka 1982, msimu mmoja baada ya Page kustaafu, kwa hiyo hutamkuta katika orodha rasmi ya ligi. Tarakimu zake zilikusanywa na watafiti kutoka kumbukumbu za mechi.

Ukisikia mtu anasema Page hayumo hata katika mia bora wa historia, ujue anasoma orodha inayoanza 1982. Kwa mlinzi wa kati, anayekumbana na msongamano, 148.5 ni nyingi mno. Ongeza hapo mipira 28 ya mateke aliyoizuia kwa mwili wake, na mechi 218 za msimu wa kawaida bila kukosa hata moja. Alichaguliwa kucheza Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, miaka tisa mfululizo, 1968 hadi 1976.

Aliwahi kushinda Super Bowl?

Hapana. Super Bowl ni fainali ya msimu. Alicheza nne na Vikings walishindwa zote: Januari 1970 dhidi ya Kansas City Chiefs, 23 kwa 7, Januari 1974 dhidi ya Miami Dolphins, 24 kwa 7, Januari 1975 dhidi ya Pittsburgh Steelers, 16 kwa 6, na Januari 1977 dhidi ya Oakland Raiders, 32 kwa 14.

Alishinda taji moja lakini, nalo husahaulika. Msimu wa 1969 Vikings waliwafunga Cleveland Browns 27 kwa 7 wakawa mabingwa wa NFL, siku chache kabla ya Super Bowl ya kwanza kati ya zile nne. Ndilo lilikuwa taji la mwisho la NFL kabla ligi haijaungana na mshindani wake, AFL.

Kidole chake kidogo kimekuwaje?

Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilivunjika na kuteguka mara nyingi wakati wa mpira, kikabaki kimepinda karibu pembe mraba. Watoto humuuliza hilo kuliko jambo lingine lolote, naye hukionyesha bila kusita.

## Chama cha wachezaji, mbio na kuachwa

Alihusika vipi na chama cha wachezaji?

Aliwawakilisha wachezaji wa Vikings katika chama cha wachezaji wa NFL kwa miaka mingi ya 1970, na akawa katika kamati kuu ya chama. Wakati huo mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha hakuwa huru kweli. Klabu iliyomtaka ililazimika kuifidia ile ya zamani, na kamishna wa ligi, Pete Rozelle, ndiye aliyepanga fidia. Kwa hofu ya fidia hiyo klabu nyingi zilikaa mbali, na mchezaji akabaki palepale, kwa malipo yaleyale.

Mwaka 1974 wachezaji waligoma kambini, wakidai uhuru wa kuhama. Mgomo haukufaulu, lakini mahakamani chama kilishinda: mwaka 1976 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba kanuni hiyo ya fidia inakiuka sheria za ushindani. Mchezaji aliyekuwa na ndoto ya uwakili aliona kwa macho yake kile ambacho mgomo haukuweza na hukumu ikaweza.

Alisomaje sheria huku anacheza?

Mara ya kwanza alijaribu mapema katika miaka yake ya Vikings, akaacha baada ya wiki chache. Hakuwa tayari. Alirudi katikati ya miaka ya 1970, safari hii Chuo Kikuu cha Minnesota, akahitimu shahada ya sheria mwaka 1978 akiwa bado mchezaji kamili. Madarasa yalienda sambamba na mazoezi, safari za mechi na maumivu ya Jumatatu. Kuanzia 1979 alifanya kazi katika kampuni ya mawakili mjini Minneapolis, wakati huohuo anachezea Chicago.

Kwa nini Vikings walimwacha mwaka 1978?

Sababu iliyotajwa ilikuwa uzito. Page alianza kukimbia mbio ndefu, akaipenda, akapungua kutoka kilo 111 hadi kukaribia 100. Makocha waliona mlinzi wa kati mwenye uzito huo hawezi kuhimili mikwaju. Yeye aliona ana afya na kasi kuliko zamani. Hakukubali kunenepa kwa amri.

Oktoba 1978, baada ya mechi sita za msimu, walimwachia. Chicago Bears walimchukua kwa ada ya kawaida ya wachezaji walioachwa: dola 100. Kocha mkuu wa Bears alikuwa Neill Armstrong, aliyekuwa amemfundisha ulinzi Page kwa miaka huko Minnesota, hivyo alijua anachonunua.

Hapa msimamo wangu hauna kificho: Vikings walikosea. Page alicheza mechi 58 akiwa Bears bila kukosa hata moja na akafanya saki 40. Hizo si tarakimu za mtu aliyekwisha. Kama kulikuwa na sababu nyingine, kwa mfano kazi yake ya chama au tabia yake ya kuhoji amri, kila mtu na apime mwenyewe.

Alikimbia marathoni kweli akiwa bado mchezaji?

Ndiyo. Mwaka 1979 alikuwa mchezaji wa kwanza wa NFL aliyemaliza marathoni akiwa bado anacheza. Alianza kukimbia pamoja na mkewe, Diane, aliyekuwa akijaribu kuacha sigara. Baada ya kustaafu aliendelea, hata akakimbia mbio za kilomita 100. Miaka iliyofuata, marathoni ya Minneapolis na St. Paul ilipopita karibu na kwao, alisimama kando ya njia akipuliza tarumbeta kubwa la bendi kuwatia moyo wakimbiaji.

## Jaji Page

Alifikaje Mahakama ya Juu?

Baada ya mpira alijiunga na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, akafanya kazi huko hadi alipochaguliwa. Katika jimbo hilo majaji wa Mahakama ya Juu huchaguliwa kwa kura za wananchi, lakini kwa vitendo wengi hujiuzulu katikati ya muhula ili gavana ateue mrithi. Mrithi anapokwenda kwenye uchaguzi, tayari ni jaji aliye madarakani. Mlango wa kura upo, ila umefungwa kwa ndani.

Mwaka 1992 Page alijiandaa kugombea kiti ambacho muhula wake ulikuwa unakwisha. Gavana Arne Carlson akaongeza muda wa jaji aliyekuwepo, ili afikie masharti ya pensheni kamili, na uchaguzi wa kiti hicho ukafutwa. Page alikwenda mahakamani. Kwa kuwa kesi iliwahusu majaji wenyewe wa mahakama ile, jopo maalumu la majaji wa akiba liliketi badala yao. Likampa Page ushindi, kiti kikarudi kwenye karatasi ya kura, na Novemba akashinda.

Kati ya mambo yote aliyofanya, hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko saki zote. Angeweza kusubiri uteuzi, kwani jina lake lilitosha. Alichagua kuiuliza sheria swali gumu kuhusu watunza sheria wenyewe.

Si umaarufu wa mpira ndio uliomchagua?

Ulimsaidia mara ya kwanza, hakuna anayebisha. Mpinzani wake alikuwa mwendesha mashtaka asiyejulikana sana, na jina la Page lilijulikana kila nyumba ya Minnesota. Lakini alichaguliwa tena 1998, 2004 na 2010, na mwaka 1998 idadi ya kura zake iliweka rekodi ya jimbo. Kufikia 2010 kulikuwa na wapiga kura wengi ambao hawajawahi kumwona akicheza.

Ni kesi gani inayokumbukwa zaidi?

Kwa taifa zima, ni ile ya uchaguzi wa seneta wa 2008 kati ya Norm Coleman na Al Franken. Tofauti yao ilikuwa ya kura mia chache kati ya karibu milioni tatu. Majaji wawili, akiwemo Jaji Mkuu Eric Magnuson, walikuwa wameketi katika bodi iliyosimamia kuhesabu kura upya, wakajitoa. Uongozi wa shauri ukamwangukia Page kama mwenye muda mrefu zaidi kati ya waliobaki. Aliteua majaji watatu wa kusikiliza kesi ya awali, na rufaa ilipofika kwao akaongoza kikao. Tarehe 30 Juni 2009 majaji watano kwa kauli moja waliamua kwamba Franken alishinda, kwa kura 312. Coleman alikubali matokeo siku hiyohiyo.

Kwa nini alistaafu 2015?

Sheria ya Minnesota inamtaka jaji aondoke anapofikisha miaka 70. Alifikisha Agosti 2015, akaondoka mwisho wa mwezi huo.

## Elimu

Page Education Foundation ni nini?

Ni mfuko wa elimu ambao Page na Diane waliuanzisha mwaka 1988. Unawapa wanafunzi weusi, wa asili ya Asia, wa Kilatino na wenyeji wa asili wa Minnesota msaada wa fedha za masomo baada ya sekondari, ndani ya jimbo hilo. Sharti lake ndilo linaloutofautisha: anayepokea lazima naye atoe muda wake kuwafundisha na kuwasindikiza watoto wadogo wa shule. Mtoto wa darasa la tatu anamwona mwanafunzi wa chuo anayefanana naye, ameketi naye anasoma hesabu.

Alisema nini alipoingizwa kwenye Ukumbi wa Umaarufu?

Kwa desturi mchezaji hutambulishwa jukwaani na kocha wake, mchezaji mwenzake au ndugu. Mwaka 1988 Page alimwomba Willarene Beasley, mkuu wa shule ya sekondari mjini Minneapolis. Kisha akazungumzia elimu, karibu hotuba nzima.

Chanzo kimoja cha hamu hiyo amekieleza mara nyingi. Katika kikao cha timu, kocha aliwataka wachezaji wasome kwa sauti kitabu cha mbinu, mmoja baada ya mwingine. Ikadhihirika kwamba baadhi ya watu wazima waliokuwa chumbani, waliopita sekondari na vyuo vikuu, hawakuweza kusoma. Page hakuwalaumu wao. Alijiuliza ni walimu na makocha wangapi waliwapitisha darasa baada ya darasa kwa sababu tu walijua kukimbia.

Shule ya Justice Page ilipataje jina lake?

Shule hiyo ya Minneapolis ilikuwa na jina la Alexander Ramsey, gavana wa zamani ambaye mwaka 1862 alitaka watu wa Dakota, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waangamizwe au wafukuzwe kabisa Minnesota. Wanafunzi wenyewe walisukuma jina libadilishwe, na mwaka 2017 likabadilishwa.

Pendekezo la kubadili katiba linahusu nini?

Januari 2020 Page na Neel Kashkari, rais wa Benki ya Shirikisho ya Akiba ya Minneapolis, walipendekeza katiba ya Minnesota itamke kwamba elimu bora ya umma ni haki ya msingi ya kila mtoto. Minnesota ni kati ya majimbo yenye pengo kubwa zaidi la kielimu kati ya watoto weupe na weusi. Chama cha walimu kilipinga, kikihofia maneno mapya yatafungua njia ya fedha za umma kwenda shule binafsi. Ili lipite ni lazima bunge la jimbo lilipeleke kwa wapiga kura kwanza, na hapo ndipo lilipokwama.

## Maswali ya pembeni

Je, ana uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Hapana, si wa ukoo wala wa kazi. Swali hili huja kwa sababu Waafrika Mashariki wengi wanaishi Minnesota: Wasomali wa Minneapolis, na Wakenya wengi wa Brooklyn Park na miji jirani. Mzazi aliye huko mwenye mtoto anayekaribia kumaliza sekondari asisite kumuuliza mshauri wa shule kuhusu mfuko wa Page, kwa kuwa masharti ya kila mwaka hutangazwa na mfuko wenyewe.

Nishani ya Rais ya Uhuru aliipata lini?

Tarehe 16 Novemba 2018, katika Ikulu ya Marekani. Diane, aliyekuwa mkewe tangu 1973, alikuwa amefariki mwishoni mwa Septemba mwaka huo kwa saratani ya matiti. Siku hiyo alitunukiwa pia Roger Staubach, kwotabeki wa Dallas Cowboys aliyeiongoza timu yake kuwatoa Vikings kwenye mchujo wa Desemba 1971, 20 kwa 12, mwaka uleule wa tuzo ya Page.

Mkusanyiko wao wa vitu vya historia una nini?

Page na Diane walikusanya kwa miaka mingi vitu vya enzi za utumwa na ubaguzi wa rangi Marekani: vibao vya kuwatenga watu weusi, kazi za mikono, picha, na hata bango la maombolezo ya Rais Lincoln. Mwaka 2018 walivionyesha kwa umma katika maktaba kuu ya Minneapolis.

Namba 88 bado inavaliwa Vikings?

Hapana, imestaafishwa. Chicago alivaa 82.

Kati ya Page na Lawrence Taylor, nani mkubwa?

Taylor alibadilisha namna timu zinavyopanga ulinzi wa kwotabeki, na kwa athari juu ya mchezo wenyewe ningemweka mbele. Lakini Taylor alishambulia kutoka pembeni, penye nafasi ya kukimbia. Page alipitia katikati, mbele ya watu wawili mara kwa mara, akiwa mwepesi kuliko wote waliomzuia. Kwa mlinzi wa kati, simjui aliyempita.